Kusikiliza ubongo wa paka aliye mezani

Paka aliyenifanya nijifunze haya alikuwa jike wa rangi ya chungwa, kilo 3.4, kizazi kimejaa usaha. Wakati huo nilikuwa daktari wa wanyama niliyeajiriwa kwenye kliniki ya mtu mwingine. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mashine ya gesi ya kulaza iitwayo isoflureni, kipima oksijeni cha kubana ulimini, stethoskopu, na macho yetu. Kazi ilipofika nusu saa, msaidizi aliinua kope akasema, "Dokta, jicho limerudi katikati." Paka aliyelala sawasawa jicho lake huinama chini kuelekea puani, na likirudi katikati tunafundishwa kwamba anaanza kuzinduka. Nikajibu bila kuinua kichwa, "Mwongezee gesi." Akaongeza. Dakika chache baadaye ufizi ulikuwa umepauka, mapigo yanasikika kwa mbali, na mimi nimeweka kisu chini namkanda kifua. Hakurudi.

Jicho la paka hukaa katikati mara mbili: usingizi unapokuwa mwepesi, na usingizi unapopitiliza. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni, likanitoka siku lilipohitajika. Mwenye paka, mama mmoja mtu mzima aliyenikabidhi kikapu kwa dua, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hamna namna ya kujua amelala kiasi gani?"

Namna ipo. Ubongo wenyewe unatoa umeme, na umeme huo hubadilika kadiri dawa inavyouzamisha. Kuusoma kunataka sindano tatu nyembamba, mashine ya kukuza ishara, na mazoezi ya miezi kadhaa. Ninaandika kwa daktari wa wanyama mwenzangu, au msaidizi wake, ambaye tayari anajua kulaza paka, kumwingiza mrija wa hewa na kumpima presha. Kama huna kipima presha bado, nunua hicho kwanza. Mawimbi ya ubongo yanaongezea vipimo vile, hayavifuti.

Na hatari si ya kufikirika. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia paka zaidi ya 79,000, ulikuta vifo vinavyohusiana na nusukaputi ni 0.24%, kwa paka wazima 0.11%, kwa paka wagonjwa 1.4%. Mbwa katika utafiti huo huo walikuwa 0.17%. Paka ni mdogo, anapoteza joto upesi, na nafasi kati ya dozi inayomtosha na dozi inayomzidi ni nyembamba.

Mwili kutulia si ubongo kulala

Hili naliweka mbele kwa sababu bila hilo mengine hayatashika. Tumezoea kupima usingizi kwa mtikisiko: ukichanja ngozi akavuta mguu, tunasema ni mwepesi, tunaongeza gesi. Lakini kuvuta mguu ni kazi ya uti wa mgongo. Mwaka 1993 mtafiti Rampil alionyesha kwamba panya walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo bado wanahitaji isoflureni kiasi kile kile ili wasitikisike. Mwaka huo huo Antognini na Schwartz, huko California, walitenganisha mzunguko wa damu wa kichwa cha mbuzi na ule wa mwili, wakaupelekea ubongo gesi peke yake. Kiasi kilichohitajika kuzuia mtikisiko kikapanda kutoka karibu 1.2% hadi karibu 2.9%. Yaani ubongo ulikuwa umezama kabisa, na bado mguu unavutwa.

Kwa hiyo unaposhughulika na paka anayetikisika, unaweza kuwa unamwongezea gesi ya kuuzamisha ubongo ambao tayari uko chini kabisa, kumbe alichokosa ni dawa ya maumivu. Moyo na mishipa ndivyo vinavyolipa gharama. Nikitazama mawimbi, natofautisha mambo hayo mawili, na mara nyingi jibu ni ganzi au fentanili, dawa kali ya maumivu, si kuzungusha vaporaiza, kile kifaa cha kuwekea kiasi cha gesi.

Mawimbi yanavyofanana

Ingia msikitini kabla ya swala. Kila mtu ananong'ona dua yake. Kuna sauti mfululizo, ndogo ndogo, za haraka, na huwezi kushika hata moja. Imamu akianza kuomba kwa sauti, wote wanaitikia "Amina" kwa pamoja: sauti inakuja mara chache, lakini ni kubwa na inatikisa ukuta. Ubongo uko hivyo. Paka akiwa macho, chembe za ubongo kila moja inashughulika na lake, mstari kwenye skrini unakuwa mwembamba wenye mikunjo midogo ya haraka. Dawa ikiingia, chembe zinaanza kufyatuka na kunyamaza kwa pamoja, mawimbi yanakua marefu na ya polepole.

Tunayahesabu kwa mizunguko kwa sekunde, yaani hezi. Polepole kabisa, chini ya 4, ni delta. Kutoka 4 hadi 8 ni theta. Kutoka 8 hadi 13 hivi ni alfa. Kutoka hapo hadi 30 ni beta. Ukubwa wake ni makumi ya maikrovolti, ilhali umeme wa moyo hufika milivolti nzima. Kumbuka tofauti hiyo, kwani ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo utakayokutana nayo.

Sehemu kubwa ya elimu hii imetoka kwa paka wenyewe. Frédéric Bremer, huko Brussels katikati ya miaka ya 1930, alikata shina la ubongo wa paka katika sehemu mbili tofauti na kulinganisha mawimbi ya usingizi na ya kuwa macho. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walichochea katikati ya shina la ubongo wa paka aliyelala, na mawimbi makubwa ya polepole yakageuka papo hapo kuwa madogo ya haraka. Wanafunzi wa udaktari wa binadamu wanayasoma majina hayo. Sisi tunaolaza paka kila siku tumechelewa kuutumia urithi huo, na hilo linaniuma.

Vifaa

Mimi natumia monita ya BIS, mashine inayogeuza mawimbi ya ubongo kuwa namba moja ya kina cha usingizi. Ni iliyotumika, iliyotoka kwenye hospitali ya binadamu. Uzuri wake kwangu si namba yake, nitaeleza baadaye. Uzuri ni kwamba inaonyesha mstari mbichi wa mawimbi. Ukipata mashine yoyote ya EEG, yaani ya kurekodi umeme wa ubongo, yenye njia moja tu, hata ya kuunganisha na laptopu, inatosha, mradi iwe na mambo haya: ichukue sampuli zisizopungua 250 kwa sekunde, iwe na kichujio cha kuruhusu kutoka 0.5 hadi 30 au 40 hezi, iwe na kichujio cha kuondoa hezi 50 za umeme wa ukutani, na ipime ukinzani wa elektrodi. Usinunue mashine inayoonyesha namba bila mstari. Narudia: usinunue.

Stika za paji la uso zinazouzwa na mashine hizi zimekatwa kwa ajili ya kichwa cha mtu. Kwa paka ni ndefu, zinapita sikio, na manyoya yanazizuia zisishike. Nilijaribu kunyoa, kusugua kwa spiriti na kukandamiza kwa bandeji. Ilikubali robo saa, halafu ikaachia. Tangu hapo natumia elektrodi za sindano za chini ya ngozi, za chuma kisichoshika kutu, geji 27 au nyembamba zaidi, urefu usiozidi milimita 12. Ni tatu: ya kusomea, ya kulinganishia, na ya ardhi. Waya za BIS zinahitaji kiunganishi cha kubadilishia. Fundi mzuri wa vifaa vya hospitali anaweza kukutengenezea, lakini asiguse sehemu ya ndani inayomkinga mgonjwa dhidi ya umeme wa ukutani.

Kama unafanya kazi na laptopu, iache kwenye betri wakati wa kurekodi, chaja itoke kabisa kwenye soketi. Huku kwetu umeme ukikatika na jenereta kuwaka, mstari unajaa mikwaruzo. Nimejifunza kusimamisha usomaji dakika ile, kutegemea kidole na dopla, kifaa cha kusikilizia damu mishipani, hadi jenereta itulie.

Kuchoma sindano

Subiri hadi paka awe amelala na mrija wa hewa umefungwa vizuri. Hakuna sababu ya kumchoma kichwani akiwa macho.

Mlaze kifudifudi kwanza, hata kama baadaye utamgeuza chali. Weka kidole cha shahada kati ya pembe za ndani za macho, panda nacho taratibu katikati ya paji. Hapo ngozi ni nyembamba na chini yake ni mfupa. Misuli ni michache. Ukienda pembeni, juu ya sikio, kidole kinazama kwenye nyama: ule ni msuli wa kutafunia, mkubwa sana kwa paka, nao ndio adui yako. Sindano ya kusomea ichomwe pale pale katikati ya paji. Bana ngozi kwa vidole viwili iinuke kama hema, ingiza sindano ikiwa imelala, ncha ielekee kisogoni, hadi chuma chote kiingie. Ukihisi ncha inakwaruza mfupa, irudishe kidogo.

Sindano ya kulinganishia iende nyuma ya sikio, juu ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya tundu la sikio. Ya ardhi ikae kisogoni, nyuma kidogo ya ukingo wa fuvu. Safisha kila sehemu kwa klorheksidini kabla. Waya tatu zisokotwe pamoja kama ukili, zipite nyuma ya kichwa, zishikwe kwa plasta kwenye taulo, si kwenye manyoya. Waya zinazoning'inia huru hukusanya kila kelele ya chumba.

Sasa pima ukinzani. Unataka chini ya kilo-omu 5, na muhimu zaidi, sindano zote zikaribiane. Moja ikisoma 2 na nyingine 14, itoe hiyo ya 14, ifute, ichome tena sentimita nusu kando.

Weka skrini ionyeshe sekunde 10 kwa upana wake. Ukubwa wa mstari uurekebishe hadi mawimbi ya usingizi wa kawaida yachukue kama theluthi ya kimo cha skrini, halafu usiuguse tena. Ukibadilisha ukubwa katikati ya kazi utajidanganya mwenyewe, utaona mstari mdogo udhani ubongo umezimika.

Kusoma mstari

Jipe dakika mbili za kutazama tu kabla ya kukata. Huo ndio msingi wako kwa paka huyo, siku hiyo, kwa dawa hizo. Paka hawafanani, na mstari wa jana si kipimo cha leo.

Akiwa juu juu, labda gesi ndiyo kwanza inaanza, utaona mikunjo ya haraka, midogo, na mara nyingi misuli ya uso inachangia ukungu mnene juu ya mstari. Akizama vizuri kwa isoflureni, mstari unanenepa: mawimbi makubwa ya delta na theta, na juu yake yamekaa mengine madogo ya haraka kidogo, kama viwimbi vya upepo juu ya mawimbi ya bahari. Hapo ndipo ninapotaka afanyiwe kazi. Nikiona viwimbi vile vya juu vimefutika na kubaki delta tupu, pana, inayojikokota, najua tumeshapita kiasi kinachohitajika kwa kazi nyingi.

Kinachofuata ndicho kila msomaji wa mawimbi anapaswa kukitambua hata akiamshwa usiku wa manane. Mstari unakaa kimya, umenyooka, sekunde moja, mbili, tano. Halafu ghafla yanakuja mawimbi makubwa kwa kishindo, sekunde moja hivi. Halafu kimya tena. Chumbani kwetu tunaita "vishindo na kimya". Ubongo umezimwa kiasi kwamba unawaka vipande vipande. Kadiri kimya kinavyorefuka kuliko vishindo, ndivyo dozi inavyozidi kuwa kubwa, hadi mstari unyooke moja kwa moja. Mashine nyingi zinahesabu asilimia ya kimya hicho. BIS inaihesabu kwenye sekunde 63 zilizopita, ikichukulia kimya kuwa mstari ulio chini ya maikrovolti 5 kwa zaidi ya nusu sekunde. Kwa paka namba hiyo naiamini kuliko namba kubwa iliyo katikati ya skrini, mradi niwe nimeona kimya chenyewe kwa macho.

Msaidizi wangu wa sasa nilimfundisha kusema kwa sauti: "Kishindo... kimya, moja, mbili, tatu... kishindo." Akifika tatu, mimi huku nimeinamia tumbo nasema "Punguza," na naye anajibu kiasi alichoweka. Hakuna upasuaji wa kawaida wa paka unaohitaji vishindo na kimya.

Lakini usiparamie vaporaiza kabla ya kuuliza swali moja: je, ni dawa, au ni njaa? Ubongo unaokosa damu, sukari au joto nao hupunguza mawimbi na kunyamaza. Ukiona mstari umezama bila wewe kuongeza chochote, tazama presha. Nataka wastani uwe juu ya 60. Tazama kapnografu, kile kipimo cha kaboni dayoksaidi kwenye pumzi; ikipanda sana nayo inalevya. Tazama joto, paka wa kilo tatu anaweza kushuka kutoka 38.5 hadi 35 ndani ya saa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, na akipoa mahitaji yake ya gesi yanapungua. Kama ni kitoto cha paka au mgonjwa wa ini, choma tone la damu upime sukari. Kupunguza gesi hakudhuru wakati unatafuta. Ila usiishie hapo.

Maumivu nayo yana alama yake. Ukivuta ovari, au ukichimba mzizi wa jino, mawimbi ya polepole yanaweza kukatika na ya haraka kuchukua nafasi. Wakati mwingine inakuwa kinyume: delta inaongezeka ghafla, na asiyejua anadhani paka amezama zaidi. Nikiona badiliko lolote la ghafla linaloendana na mkono wangu, na mapigo ya moyo yamepanda pamoja nalo, nalichukua kuwa ni maumivu hadi lithibitike vinginevyo.

Dawa zinazovunja kanuni

Yote niliyosema ni ya gesi za isoflureni na sevoflureni, na dawa za mshipani propofoli na alfaksaloni. Ketamini ina njia yake. Kwetu Afrika Mashariki paka wengi wanalazwa kwa ketamini pamoja na zailazini au medetomidini, kwa hiyo hapa nataka unisikilize vizuri. Ketamini haiulazi ubongo kwa mtindo ule, inaukatia mawasiliano. Jicho linabaki wazi, katikati, kope inachezacheza, paka anameza mate, na mstari unaweza kujaa mawimbi ya haraka ingawa hahisi kisu. Namba ya BIS hupanda au hukataa kushuka. Ukiifuata namba hiyo utamwongezea gesi paka ambaye amelala vya kutosha. Kwa paka aliyechomwa ketamini ya kutosha, mawimbi nayatazama kwa jambo moja tu: kama gesi niliyoongeza juu yake imeleta vishindo na kimya.

Medetomidini na deksimedetomidini, kinyume chake, zinaleta mawimbi ya polepole yanayofanana na usingizi wa kawaida wa paka aliyejikunja kivulini, na zinapunguza sana mahitaji ya gesi. Uliyempa hizo, anza vaporaiza chini kuliko ulivyozoea. Na ukiona ncha kali, moja moja, kama meno ya msumeno, zinazosimama peke yake juu ya mstari, fikiria mtikisiko wa kifafa. Sevoflureni kwa kiwango kikubwa inaweza kuzileta.

Dawa za kulegeza misuli, kama atrakuriamu kwenye upasuaji wa jicho, ndizo zinazonifanya nisikubali kufanya kazi bila mawimbi. Paka aliyelegezwa hawezi kutikisika hata kama yuko macho. Jicho, taya, mguu, vyote vimenyamaza. Umebaki ubongo.

Uchafu kwenye mstari

Wiki za mwanzo utasoma uchafu ukidhani ni ubongo. Ncha ndogo zinazorudi kwa mpangilio, mara 130 kwa dakika, ni moyo: weka kidole kwenye mshipa wa paja, zitaendana. Wimbi pana linalopanda na kushuka kila anapovuta pumzi ni kichwa kinachotikiswa na mrija. Kiwekee taulo lililokunjwa. Mstari mnene kama umepakwa rangi ni umeme wa ukutani, au sindano moja imechomoka. Kauteri, kile kifaa cha umeme cha kuchomea mishipa ya damu, ikiguswa, mstari wote unafutika. Ngoja iachiwe, hesabu sekunde kumi, ndipo usome. Paka wengi wakiingizwa kwa propofoli wanatikisa masharubu na ncha ya sikio, na kila mtikisiko unaonekana.

Njia yangu ya kumfundisha mtu ni kumkalisha mbele ya skrini na kumwambia: gusa waya, tazama. Washa taa ya upasuaji, tazama. Puliza hewa kwenye mrija, tazama. Baada ya nusu saa ya mchezo huo anajua sura ya kila uchafu kuliko angesoma kurasa mia.

Namba iliyo katikati ya skrini

BIS ilipitishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya watu. Inatoa namba kutoka 0 hadi 100, na kwa mtu anayepasuliwa wanataka 40 hadi 60. Namba hiyo imepikwa kutokana na rekodi za watu waliolazwa. Fuvu la paka, misuli yake, na umbali kati ya elektrodi zake havikuwamo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo sina "namba ya paka" ya kukupa, na ukipewa na mtu muulize ameipata kwa dawa gani na kwa sindano zilizokaa wapi.

Halafu namba inachelewa, kwa kuwa mashine inakusanya sekunde nyingi kabla ya kutoa jibu, na misuli inaidanganya. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watu 10 waliojitolea kupewa dawa ya kulegeza misuli wakiwa macho kabisa, bila dawa ya usingizi. Namba zao zilishuka hadi kwenye viwango vya mtu aliyelala, huku wanasikia kila kitu. Tangu nilisome hilo, namba naitazama kama mwelekeo tu: imetoka 55 kwenda 70 baada ya kuvuta ovari? Naangalia mstari kujua kwa nini.

Siku moja mezani

Dume wa miaka 13, kilo 4.1, figo zimeanza kuchoka, meno manne ya kung'oa. Tulimpa methadoni ya maumivu, tukamwingiza kwa alfaksaloni polepole kwenye kanula, mrija ukaingia baada ya lidokaini kwenye koo, isoflureni ikawekwa 1.8%. Sindano tatu, ukinzani 3, 3 na 4. Ndani ya dakika saba skrini ilikuwa inasema kishindo, kimya, moja, mbili, kishindo. Presha ya wastani 58. Jicho liko katikati. Ndiyo, lile lile.

Tukashusha hadi 1.2% na kungoja. Gesi haitoki ubongoni mara moja. Nampa dakika tano hadi kumi kabla ya kuamua tena. Kimya kikafupika, kikapotea, zikabaki delta na vile viwimbi vya juu. Presha 66. Nikachoma ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya taya, juu na chini, nikangoja ishike. Jino la kwanza lilipoanza kuchimbwa, mstari haukubadilika hata kidogo, mapigo 128 yakabaki 128. Tukashusha hadi 1.0%. La tatu, upande ambao ganzi haikushika vizuri, viwimbi vya haraka vikajaa skrini na moyo ukaruka hadi 160. Jicho bado halijasema kitu. Nikasimamisha koleo, nikarudia ganzi, nikangoja. Hatukugusa vaporaiza. Mzee yule alimaliza saa moja na dakika ishirini kwa gesi ya chini ambayo zamani nisingethubutu kuitumia, na presha yake haikushuka tena chini ya 64.

Andika haya yote kwenye karatasi ya nusukaputi, kila dakika tano: gesi, presha, mapigo, joto, na neno moja la mstari. Sisi tunaandika "haraka", "sawa", "delta tupu", au "kimya" pamoja na idadi ya sekunde. Baada ya paka thelathini utaanza kuona ruwaza ambazo hakuna kitabu kitakuonyesha kwa mashine yako na dawa zako.

Kuzinduka

Gesi ikifungwa, endelea kutazama. Mawimbi ya haraka hurudi kabla ya sikio kutikisika, mara nyingi dakika moja au mbili kabla, na huo ndio muda wako wa kuondoa sindano bila kumwumiza wala kumwogofya. Zivute kwa mwelekeo ule ule zilivyoingia, bonyeza pamba kila tundu. Mrija utoke anapoanza kumeza, usingoje akohoe. Koo la paka hubana upesi.

Kama mawimbi hayajarudi dakika kumi baada ya kufunga gesi, rudia maswali ya njaa: damu, sukari, joto, pumzi. Kwenye ule utafiti wa Uingereza, paka wengi waliokufa walikufa baada ya upasuaji, na sehemu kubwa ya hao ndani ya saa tatu za kwanza, wakati kila mtu ameshavua glavu. Kwa hiyo kwetu paka hatoki kwenye macho ya mtu hadi ajishike mwenyewe kifudifudi, joto lifike 37, na ageuze kichwa akiitwa.

Sindano tatu zinahesabiwa kwa sauti zinapoingia kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Moja, mbili, tatu. Halafu msaidizi anachukua kiti, anakikalisha mbele ya kizimba, na mimi naenda kumpigia simu mwenye paka.